Mguu wa Kulia wa Baba

Baba yangu alianguka mbele ya mstari wa asubuhi, wanafunzi wote wakimtazama. Alikuwa amemaliza kukagua kucha za darasa la tatu, akasimama juu ya jiwe bapa alilozoea kuhutubia, akasema, "Wanangu." Neno la pili halikutoka. Alijaribu tena, mdomo ukaenda upande. Mguu wa kulia ukamlegea, akashuka chini taratibu huku mkono mmoja umeshika mlingoti wa bendera, hata baadhi ya watoto wakadhani anainama kuokota kitu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Mwanza, na habari ililetwa na mwalimu mwenzake aliyeingia ofisini bado ana vumbi la chaki mikononi. Hakusema mengi. "Mwalimu Mkuu yuko hospitali. Mama yako ameshatangulia." Niliondoka na kuacha barua imekatika katikati ya sentensi kwenye mashine.

Ili mtu aelewe yaliyofuata lazima nieleze kwanza baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba, Mkatoliki, aliyeletwa Mwanza na uhamisho wa kazi, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale Kirumba. Kipaji chake kilikuwa maneno. Angeweza kusimama mbele ya watu waliochoka na jua, waliotoka kwenye shamba la pamoja na majembe begani, akazungumza nao dakika kumi, wakarudi shambani. Miaka ile ya Ujamaa watu kama yeye walihitajika sana. Kila jambo lilianza na mkutano, na kila mkutano ulihitaji mtu wa kuwasha moto.

Mwaka ule redio ilipoleta mafunzo ya afya kwa nchi nzima, yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha kusikiliza pale kwetu. Walikutana katika chumba cha darasa la nne mara moja kwa wiki, redio juu ya meza, kitabu kidogo mkononi. Wiki ya kwanza watu walijaa mpaka madirishani. Walikubaliana kuchimba vyoo, kuchemsha maji ya kunywa, kufyeka nyasi kando ya ziwa, kuzuia watoto wasicheze penye konokono wa kichocho. Baba alirudi nyumbani amesisimka kama kijana aliyekubaliwa posa. Mvua zilipoanza, walibaki watu saba. Wawili kati yao tulikuwa mimi na mama.

Jambo hilo lilimuuma. "Watu wetu wakishapiga makofi wanadhani kazi imekwisha," alisema mezani, akiongeza chumvi kwenye mchuzi kabla hajauonja. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaambiwa na daktari kwamba ana presha. Alipewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaviweka juu ya kabati. Aliahidi pia kwamba kila jioni atatembea kwa miguu nusu saa. Alitembea siku nne. Nakumbuka ni nne kwa sababu siku ya tano nilivaa viatu nimsindikize, nikamkuta anavuta sigara barazani. Akaniambia kesho.

Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alizaliwa Ukerewe, karibu na Nansio, na shule hakuiona. Kwenye kikundi cha redio alikaa nyuma na kusuka ukili, hakuuliza swali hata moja. Lakini siku ile ya kwanza alirudi nyumbani akachemsha maji, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyatia mtungini. Kesho yake akachemsha. Keshokutwa akachemsha. Kuni zilipokuwa za shida alichemsha, na majirani walipoacha na kumcheka kidogo alichemsha. Sikumsikia hata mara moja akisema kwamba maji yaliyochemshwa ni muhimu.

Baba alikaa hospitali wiki tatu. Maneno yalianza kurudi, mazito na yenye kukwaruza, lakini yalirudi. Mkono wa kulia ulilala tu kifuani. Mguu ulikuwa na uhai kidogo. Palikuwa na bwana mmoja aliyeshughulika na mazoezi ya viungo, Msukuma mpana mwenye sauti ya polepole, ambaye alimwinua baba kama anavyoinuliwa mtoto anayejifunza kusimama, bila haraka na bila kumwonea aibu.

"Mwalimu," alimwambia siku ya kutoka, "mguu huu haujafa. Umesahau. Utaufundisha upya kama unavyofundisha darasa la kwanza, a, e, i, o, u, kila siku. Ukiuacha wiki moja, utapoteza kazi ya mwezi mzima."

Kisha akatuonyesha mimi na mama mazoezi sita, akatuambia habari za chumvi, sigara na vidonge. Mimi niliandika yote. Mama alitazama mikono ya yule bwana tu.

Wiki za kwanza nyumba ilijaa watu. Alikuja padri, walikuja walimu, alikuja balozi wa nyumba kumi na ujumbe wake. Wanafunzi walileta ndizi na mayai. Kila aliyeingia alimtia baba moyo, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwatia watu wengine moyo, aliupokea kama mtu mwenye kiu. Mimi nilibaki ofisini baada ya kazi nikapiga chapa ratiba nzuri sana. Utepe wa mashine ulikuwa na rangi mbili, nikaandika saa kwa nyekundu na mazoezi kwa nyeusi, mara tatu kwa siku, Jumatatu mpaka Jumapili. Nikaibandika ukutani mbele ya kitanda chake.

Siku ile aliomba tumwinue akae. Alitutazama sote, akahema, akasema neno moja moja, "Pasaka. Nitakwenda. Kanisani. Kwa miguu yangu." Padri alishika mkono wake. Mimi nililia kwa furaha. Mama alikwenda kuangalia chungu.

Kwa siku kumi na mbili baba alifanya kila kitu kilichokuwa kwenye ile karatasi. Alitokwa jasho, aliuma meno, alihesabu kwa sauti. Kisha wageni wakapungua, kama inavyokuwa. Watu wana mashamba, wana foleni za sukari na sabuni, wana wagonjwa wao. Nyumba ikawa kimya, na mguu ulikuwa vilevile. Siku ya kumi na tatu nilipomwendea asubuhi alikuwa ameelekea ukutani.

"Leo sijisikii," akasema.

Nikamwacha apumzike. Kesho yake pia hakujisikia.

Nilifanya nilichojua. Nilimwomba mwalimu wa nyimbo alete kwaya ya shule, wakaimba mlangoni, baba akatoa machozi, akafanya mazoezi siku mbili. Nilimwandikia rafiki yake wa Bukoba, akajibu barua ndefu ya kumkumbusha ujana wao, nikamsomea, akafanya siku mbili. Nilimletea habari za mtu wa Kisesa aliyepooza akapona na sasa anaendesha baiskeli. Siku moja na nusu. Kila mara ulikuwa moto wa mabua, unaruka juu, unaangaza nyumba nzima, ukigeuka ni majivu. Na mimi mwenyewe nilikuwa naishiwa mabua.

Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta hajageuka tangu asubuhi. Nilisimama pale na mkoba bado begani.

"Baba, unataka kufa?"

Alitafuta maneno kwanza. "Sitaki kufa," akasema. "Na mazoezi sitaki."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba watu aliowasema kwa kuacha kuchimba vyoo walikuwa afadhali kuliko yeye, kwa sababu wao hawakuwahi kuhubiri. Nilitoka nikakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kwetu Kirumba nyumba zimebanana katikati ya majabali, na kutoka pale nililiona ziwa limetulia na mitumbwi ya Mwaloni imevutwa mchangani. Niliona haya, na bado nilikuwa na hasira. Vitu viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja muda mrefu.

Pasaka ikafika. Kengele ilisikika mpaka chumbani. Baba alijifunika shuka kichwani, nami na mama tukaenda misa bila yeye.

Jumatatu yake mama aliniita chumbani, baba akiwa amelala, akanyoosha kidole kwenye ratiba yangu. "Nisomee."

Nikamsomea, Jumatatu mpaka Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yote hayo ni ya siku moja?"

"Ya siku moja yako hapa juu, mama. Haya mengine ni ya siku zingine, lakini yanafanana."

"Ni mengi," akasema. "Mtu mzima akiyaona haya anachoka kabla hajaamka. Yule bwana wa hospitali alisema lipi ni kubwa?"

"Kutembea."

"Basi atatembea. Hayo mengine tutayaona mbele ya safari." Akaibandua karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi kana kwamba ananirudishia shuka nililoazimisha.

Asubuhi ya Jumanne niliamka nikakuta amefanya jambo moja tu. Tangu baba arudi hospitali chai yake ilikuwa inapelekwa kitandani. Siku ile mama alikuwa amehamishia meza ndogo kwenye kibanda cha jikoni, upande wa pili wa ua, akaweka kiti chenye mikono, na juu ya meza kikombe cha baba na viazi vitamu vilivyochemshwa. Kutoka kitandani mpaka pale nilihesabu baadaye hatua thelathini na moja za mtu mzima wa afya.

Baba alisubiri. Mwisho akauliza, "Chai iko wapi?"

"Iko jikoni, Mwalimu," mama akajibu. Alimwita hivyo siku zote.

"Niletee."

"Nimeshaiweka mezani. Twende."

"Leo sijisikii."

"Sawa," mama akasema. "Twende hivyo hivyo."

Hakwenda. Chai ikapoa. Mama aliirudisha motoni, akaimimina tena, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akachambua mchele. Mimi niliondoka kwenda kazini nikiamini nitarudi nikute ugomvi. Niliporudi mama aliniambia kwamba ilipokaribia saa nne baba alikuwa ameshusha mguu mmoja chini, akanyoosha mkono wake mzima. Walitumia muda ambao ungetosha kwenda sokoni na kurudi. Njiani walisimama mara tano. Chai aliinywa.

Kesho yake chai ilikuwa palepale.

Nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani mama alikuwa mkali. Hakuwa mkali. Zilikuwepo siku ambazo baba aliamka na maumivu ya kweli, au kichwa kizito, au huzuni iliyokuwa mbaya kuliko maumivu. Siku hizo mama aliisogeza meza mpaka kizingitini, hatua sita tu. Alikubali kupunguza mpaka hatua sita. Kitu kimoja hakukikubali, chai kurudi kitandani. Na hakumwuliza hata siku moja kama anataka kwenda. Mimi nilikuwa nimemwuliza kila asubuhi, kwa sauti tamu, "Baba, leo tuko tayari?" Nilidhani ni heshima. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nampa mtu mgonjwa mlango wa kutokea.

Chumvi nayo iliondoka kwa namna hiyohiyo. Mama hakumpikia baba chungu chake peke yake. Aliacha kuitia kwa wote, akaweka ndimu na nyanya nyingi, na sato akamwoka badala ya kununua wa chumvi. Wiki ya kwanza nilikula dagaa nikaona kama natafuna karatasi. Nilimwambia hivyo.

"Utazoea," akasema.

"Nisipozoea?"

"Utakuwa umekula."

Nilizoea, ingawa sikumbuki ni lini. Siku moja tu nilikula kwa jirani mchuzi wa kawaida, ukaniunguza ulimi.

Sasa, nilikuwa nimeanza kumwona mama kama mtu aliyeumbwa tofauti, mtu asiyechoka. Imani hiyo ilinifaa, maana ilinisamehe mimi. Ilivunjika asubuhi moja ya kipupwe. Nilitoka mapema kwenda kuoga, nikamkuta nyuma ya jikoni ameketi juu ya kuni, kanga imefunika uso, mabega yanatikisika. Sikujua niende au nirudi. Aliponisikia alifuta macho, hakujificha.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna. Nimechoka tu. Mgongo unauma, na baba yako jana amenitukana."

"Leo nikutembezee mimi?"

Alifikiri kidogo. "Hapana. Wewe utachelewa kazini." Akachota maji kwenye ndoo, akanawa uso mara mbili.

"Mama, huu moyo unautoa wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kizungu. "Moyo gani? Moyo wangu leo haujaamka. Mimi nimeamka." Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia ndani kumwinua.

Nimeishi na maneno yale zaidi ya miaka arobaini. Wakati ule hata hivyo sikuyaelewa, maana kuelewa kulihitaji zamu yangu.

Zamu yangu ilikuja katikati ya mwaka. Ujumbe ulitoka Nansio kwamba bibi, mama yake mama, hali yake si nzuri. Ndugu zangu wawili walikuwa shule za bweni. Mama alipanga nguo chache, akanifuata chumbani kabla ya kwenda kupanda meli.

"Meza unaijua iko wapi," akasema. "Usimwulize."

Alikaa Ukerewe wiki tatu na siku kadhaa. Wiki ya kwanza nilikuwa shujaa. Niliamka saa kumi na moja, nikawasha moto, nikamtembeza baba mpaka jikoni na mara mbili kuuzunguka ua, nikamrudisha, nikaenda kazini nikijisifu njia nzima. Wiki ya pili ofisini palikuwa na wageni wa mkoa, taarifa zikawa nyingi, vidole vikavimba kwa kupiga chapa. Nikaanza kuamka nikiwa nimelala. Siku moja ilinyesha mvua isiyo ya msimu, ua ukawa tope. Nilisimama mlangoni nikaitazama mvua, nikajiuliza kama leo inawezekana. Nilijijibu vizuri sana. Nilijipa sababu tatu, zote za kweli. Nikampelekea chai kitandani.

Baba alikipokea kikombe. Kesho yake mvua haikuwepo, lakini tope lilikuwepo. Siku ya tatu tope lilikauka, ila nilikuwa nimechelewa kuamka. Siku ya nne hapakuwa na sababu yoyote.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Nikamwinua ili tukae barazani, na mguu wa kulia ukatetemeka kama wa ndama aliyezaliwa asubuhi. Alinishika bega kwa nguvu. Tukatazamana, na niliona kwamba hana hasira na mimi. Alikuwa na hofu. Siku nne tu.

Niliporudi chumbani kwangu nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Sikuapa. Sikuandika ratiba. Nilichoka kujiapisha. Nilichukua ile meza ndogo nikaiweka kizingitini, hatua sita, nikaweka na kiti, nikaweka kikombe juu ya meza kikiwa kitupu, ili asubuhi mtu yeyote, awe na moyo au asiwe nao, akute kazi inamngoja. Jumatatu tukafika kizingitini. Jumanne kizingitini. Jumatano sikutaka kabisa, kichwa kiliniuma, tukafika kizingitini. Alhamisi nikaisogeza meza mpaka katikati ya ua. Nilikuwa naamka bila kujiuliza, na ajabu niliyoiona ni kwamba kutojiuliza kulinipunguzia uchovu. Nusu ya mzigo kumbe ilikuwa ule mjadala wa kila alfajiri kichwani mwangu.

Jumamosi ndiyo siku ninayotaka kuisimulia zaidi. Usiku uliotangulia nililala kama jiwe, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda juu ya majabali. Niliruka kitandani. Chumba cha baba kilikuwa wazi, kitanda kitupu, shuka limevutwa upande mmoja. Nilidhani ameanguka. Nikatoka mbio uani bila viatu.

Alikuwa ameketi jikoni, kwenye meza yake, palepale pa zamani pa hatua thelathini na moja, kwa maana Ijumaa nilikuwa nimeirudisha meza huko. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Kiatu cha mguu wa kulia alikuwa amekivaa bila kufunga kamba. Mbele yake palikuwa na kikombe kitupu.

"Shikamoo baba," nikasema, pumzi zikiwa juu.

"Marahaba." Akaniangalia, kisha akaangalia kikombe. "Chai iko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye alicheka, kicheko chake kipya cha upande mmoja. Nikawasha moto. Nilipokuwa napuliza nilimwuliza imekuwaje, kama aliota ndoto nzuri, kama amejisikia nguvu.

"Hapana," akasema taratibu. "Nilikungoja. Nikaona nikiendelea kungoja nitaanza kufikiri. Nikatoka kabla."

Mama alirudi Alhamisi iliyofuata. Bibi alikuwa amepata nafuu. Alipanda kutoka barabarani na kapu kichwani, akamkuta baba amesimama mlangoni, mkono wa kushoto kwenye fremu. Alitua kapu, akapiga goti kumsalimia, na alipoinuka hakumtazama usoni, alitazama mguu. Aliutazama muda.

"Kesho tutafika dukani," akasema.

Walifika dukani. Baada ya majuma wakafika kwa balozi, baadaye kanisani, Jumapili ya kawaida isiyo sikukuu, na padri hakujua mpaka alipomwona kwenye benchi. Yale mazoezi mengine matano yakarudi moja moja, kama mama alivyosema. Sigara baba hakuigusa tena, ila siku moja nilimkuta anaunusa mkono wa mgeni aliyetoka kuvuta, akajifanya anamuaga. Vidonge alivimeza kila siku pamoja na chai ileile. Mwaka ulipokaribia kupita aliteremka na mama mpaka Mwaloni kuchagua samaki mwenyewe, na kila hatua kumi alisimamishwa na mtu aliyemfundisha au aliyemfundishia mtoto. Alikuwa anaitikia marahaba nyingi mpaka akawa anapumua kwa shida. Kupanda kurudi ilibidi aketi juu ya jiwe mara mbili. Hakuna aliyemhimiza. Alipokuwa tayari aliinuka.

Uongozi wa shule haukurudi kwake. Mkono wa kulia haukupona kabisa, na ulimi ulibaki mzito. Jambo hilo lilimuuma, sitasema uongo. Lakini madarasa ya watu wazima yalikuwa yanahitaji walimu, na waliohusika wakaja kumwomba. Alikubali kufundisha kusoma na kuandika, jioni tatu kwa wiki, katika chumba cha darasa la nne. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kombo, zikipanda na kushuka. Wanafunzi wake, wavuvi na wauza dagaa na walinzi wenye ndevu nyeupe, walikuwa wanaandika kombo vilevile. Mmoja aliniambia kwamba kwa walimu wengine aliona haya, lakini kwa huyu hapana, kwa sababu walikuwa wanahangaika wote pamoja. Hotuba alikuwa hawezi tena. Alisema "Tuanze," wakaanza. Kikundi kile hakikupungua kama cha redio. Sijui sababu ni nini, labda ni kwamba hakuwaahidi kitu.

Mimi niliolewa, nikazaa, nikarithi presha ya baba kama wengine wanavyorithi pua. Natembea kila asubuhi kabla ya kazi nyingine zote. Watu huniambia nina moyo wa ajabu, na nimeacha kuwabishia, maana ni vigumu kumweleza mtu kwamba kwa siku nyingi nimevaa viatu kwanza, hamu ikanikuta nimeshafika mbali, au haikunikuta.

Lakini ninachopenda kukumbuka ni zile jioni za kisomo. Mama alikuwa mwanafunzi wa dawati la mbele, daftari limefunikwa kwa gazeti, na kwa miezi hakukosa hata siku moja. Nilikuwa nawafuata walipomaliza, jua likiwa bado kidogo juu ya ziwa. Nakumbuka jioni aliyoandika sentensi yake ya kwanza ndefu, kuhusu kutembea barabarani, na akaandika "balabala" jinsi wanavyotamka kwao. Baba alimsahihisha. Mama akasema amekuwa akipita juu yake miaka ishirini na anajua inavyoitwa. Walibishana njia nzima ya kwenda nyumbani, herufi moja tu, baba akitafuta maneno, mama akimngoja ayapate, na hakuna kati yao aliyeangalia mguu.